Simon Stevin na Sehemu ya Kumi

Nimefundisha hisabati kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo nimetenda makosa mengi. Mengi katika hayo nimeyasahau, lakini moja limekataa kusahaulika. Palikuwa na kijana katika kidato cha kwanza, mtoto wa mama mwuza mchele. Siku moja nilimsimamisha darasani nikamwuliza, kwa Kiingereza, swali la sehemu. Alitazama chini, akanyamaza. Nikarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba ujinga ni uziwi, akazidi kunyamaza. Jioni ile niliandika katika taarifa yake kuwa ni mzito wa hesabu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni, nikamkuta ameketi mahali pa mama yake. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, akasimama. Niliagiza kilo tatu na robo tatu za mchele uliouzwa shilingi 2,400 kwa kilo. Kabla sijatia mkono mfukoni alikwisha sema, "Elfu tisa, Mwalimu." Nilirudi nyumbani na mchele wangu, na aibu yangu. Swali nililomwuliza darasani lilikuwa jepesi kuliko hilo alilolijibu bila ya kuulizwa. Mzigo uliomwelemea haukuwa hesabu. Ulikuwa nguo niliyoivika hesabu.

Tangu siku hiyo nimependa kusoma habari za Simon Stevin, kwa sababu naona kuwa mtu huyu alilitambua kosa langu zaidi ya miaka mia nne kabla sijalitenda.

Stevin alizaliwa mwaka 1548 katika mji wa Bruges, ambao siku hizi umo katika nchi ya Ubelgiji. Wazazi wake hawakuwa wamefunga ndoa, na habari za utoto wake zilizobaki ni chache. Ujana wake haukupita katika majumba ya wanazuoni, bali katika madaftari ya biashara. Alikuwa mtunza hesabu katika mji wa Antwerp, uliokuwa soko kuu la Ulaya ya kaskazini, kisha akawa karani katika ofisi ya kodi ya mji wake wa kuzaliwa. Nchi ilipokuwa katika vita vya kujitoa mikononi mwa mfalme wa Hispania, alihamia Leiden, Uholanzi, na mwaka 1583 akaandikishwa katika chuo kikuu cha huko, umri wake ukiwa miaka 35 hivi. Basi aliingia katika elimu ya juu akiwa mtu mzima aliyekwisha kuona jinsi watu wa kawaida wanavyohangaika na tarakimu.

Naamini kuwa kuona huko ndiko kulikoongoza kazi zake zote. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1582, kilikuwa cha majedwali ya riba. Majedwali ya namna hiyo yalikuwako kabla yake, lakini wenye mabenki waliyaficha kama mganga afichavyo dawa yake. Aliyekopa alitaabika kujua kama deni alilotajiwa ni la haki. Stevin aliyapiga chapa, akaeleza namna ya kuyafanya, akayatia mikononi mwa kila ajuaye kusoma. Hakuvumbua riba wala hakuiondoa. Aliondoa giza lililoizunguka.

Mwaka 1585 alitoa kijitabu kidogo kilichoitwa De Thiende, yaani Sehemu ya Kumi. Udogo wake usitudanganye. Wakati ule mtu aliyetaka kujumlisha vipimo visivyo kamili ilimpasa kupita njia yenye miiba. Tuseme ana kitambaa cha yadi 3 na sehemu saba za nane, na kingine cha yadi 2 na sehemu mbili za tano. Sharti kwanza atafute asili moja itakayochukua sehemu zote mbili, nayo ni arobaini. Kisha azigeuze sehemu za kwanza ziwe 35 na za pili ziwe 16. Ndipo ajumlishe apate yadi 6 na sehemu 11 za arobaini. Stevin alisema, kwa nini tugawe kwa nane leo, kwa tano kesho na kwa kumi na mbili kesho kutwa? Tugawe daima kwa kumi, na kila kipande tukigawe tena kwa kumi. Hapo 3.875 na 2.4 hujumlishwa kama zijumlishwavyo namba nzima, na jawabu ni 6.275, ambalo ni lile lile. Yeye hakutumia nukta kama sisi. Aliandika juu au kando ya kila tarakimu namba ndogo ndani ya duara ili kuonyesha daraja yake. Alama hiyo ilikuwa nzito, na wengine waliokuja baadaye waliifanya nyepesi. Lakini njia ilikwisha funguliwa.

Haki yataka tuseme kuwa hakuwa wa kwanza duniani. Al-Uqlidisi aliandika juu ya sehemu za kumi huko Damascus katika karne ya 10, na al-Kashi wa Samarkand alizieleza kwa ufundi mkubwa katika kitabu alichokimaliza mwaka 1427. Jina lenyewe la hisabati tumelipata katika lugha ya Waarabu, nasi hatuna sababu ya kulisahau deni hilo. Sifa ya Stevin ni nyingine. Kijitabu chake hakukiandikia wanazuoni peke yao. Katika ukurasa wa salamu aliwataja wanajimu, wapima ardhi, wapima vitambaa, wapima mapipa, wasimamizi wa kutengeneza fedha, na wafanya biashara wote. Tena alitaka serikali zigawe fedha, mizani na vipimo kwa kumi, akatumaini kuwa kama si watu wa wakati wake, basi wa baada yake watafanya hivyo.

Matumaini hayo yalitimia polepole. Marekani iliweka dola ya senti 100 mwaka 1792, na Ufaransa ikaweka vipimo vya meta mwaka 1795. Hata pwani yetu ilifikiwa. Katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani rupia moja ilikuwa pesa 64 mpaka mwaka 1904, ilipofanywa kuwa heller 100. Na shilingi ya Afrika Mashariki iliyokuja katika miaka ya 1920 ilikuwa ya senti 100. Uingereza, iliyotuletea shilingi hiyo, iliendelea na pauni ya shilingi 20 na shilingi ya peni 12 mpaka mwaka 1971. Haba na haba hujaza kibaba, na fikira njema nayo hujaa vivyo hivyo.

Walakini jambo ninalolipenda zaidi kwa Stevin ni lugha yake. Wakati ule elimu ya juu ya Ulaya ilinena Kilatini. Mtu asiyekijua alihesabiwa kuwa hana akili, kama nilivyomhesabu kijana wa mchele. Stevin alikijua Kilatini, na kitabu kimoja kikubwa cha hesabu alikiandika kwa Kifaransa. Lakini kazi zake nyingi aliziandika kwa Kiholanzi, lugha ya mabaharia, wafumaji na wauza jibini. Palipokosekana neno, aliunda au alilitafuta lililosahauliwa akalipa kazi mpya. Kwa Kiholanzi hisabati huitwa wiskunde, neno lililotokana na lile alilolitumia yeye, na maana yake ni elimu ya mambo yaliyo yakini. Lugha nyingi za Ulaya huiita elimu hiyo kwa jina la Kiyunani ambalo mtoto hulikariri tu; mtoto wa Kiholanzi husikia maana ndani ya jina.

Mwaka 1586 alitoa kitabu juu ya elimu ya uzani, na mbele yake akaweka hotuba ndefu ya kusifu lugha yake. Katika kitabu hicho mna picha moja maarufu. Ni pembetatu iliyosimama, upande wake mmoja ukiwa mrefu mara mbili ya mwenzake, nayo imevikwa mkufu wa tufe 14 zilizo sawa. Tufe nne zimelala juu ya mteremko mrefu, mbili juu ya mfupi, na nane zinaning'inia chini. Je, mkufu utazunguka? Kama ukizunguka hatua moja, hali yake itakuwa kama ya kwanza, basi itaulazimu kuzunguka tena, na tena, bila ya mwisho wala msukumo. Na hilo haliwezekani. Basi mkufu umetulia. Tufe nane za chini zavuta sawasawa pande zote mbili, kwa hivyo tunaweza kuziondoa, na nne za upande mmoja zitalingana na mbili za upande wa pili. Mchukuzi anayepandisha pipa garini juu ya ubao mrefu hulijua jambo hili kwa mabega yake. Stevin alilithibitisha bila kugusa pipa. Akaipa picha ile wito wake, kwamba lililo ajabu si ajabu. Hakukusudia kuidharau ajabu. Alikusudia kwamba likifahamika halitishi tena.

Katika mwaka huo huo alieleza jaribio alilolifanya pamoja na rafiki yake Jan Cornets de Groot wa Delft. Waliangusha risasi mbili za madini, moja nzito mara kumi kuliko ya pili, kutoka urefu wa futi 30, zikaangukia ubao. Mlio ukawa kama mmoja. Wanazuoni walikuwa wakifundisha, kwa kumfuata Aristotle, kwamba kizito huanguka kwa kasi zaidi kwa kadiri ya uzito wake. Ubao wa Delft uliwakanusha. Lakini habari hii iliandikwa kwa Kiholanzi, na leo watu wengi hudhani kuwa Galileo ndiye wa kwanza kuyajua hayo. Hiyo ndiyo gharama aliyoilipa Stevin. Hata maandiko yake makubwa, yaliyotoka kati ya mwaka 1605 na 1608, ilibidi yafasiriwe kwa Kilatini na Willebrord Snel ili wageni wayasome. Anayesema na jirani zake huenda asisikiwe mbali.

Je, alipata hasara? Tutazame upande wa pili wa mizani. Alipata hati za kulinda uvumbuzi wake wa vinu vya upepo vya kutoa maji katika nchi ile iliyo chini ya bahari. Alikuwa mwalimu na mshauri wa Maurits wa Nassau, jemadari wa Waholanzi, na karibu na mwaka 1600 alimtengenezea gari la matanga lililokwenda mchangani kutoka Scheveningen mpaka Petten kwa muda wa kama saa mbili, farasi wakishindwa kulifuata. Mwaka 1600 ilifunguliwa huko Leiden shule ya wahandisi, naye ndiye aliyeandika mpango wa mafunzo yake. Masomo yalitolewa kwa Kiholanzi, kwa sababu wajenzi wa ngome na wapima ardhi hawakuwa na haja ya Kilatini ili kuchimba handaki. Alipofariki mwaka 1620, aliacha watu wengi walioweza kuhesabu wasichoweza kukihesabu baba zao. Mimi siiiti hiyo hasara.

Nampenda Stevin, lakini simfuati katika kila neno. Mapenzi ya lugha yake yalimpitisha mpaka. Alihesabu vitenzi vya silabi moja, akapata zaidi ya 700 katika Kiholanzi na vitano tu katika Kilatini, akahukumu kuwa lugha yake ndiyo bora kwa elimu. Kwa mizani hiyo Kiswahili tungekizika leo. Vitenzi vyetu vya silabi moja, kama la, nywa, fa na pa, vyaweza kuhesabiwa karibu kwa vidole. Lakini kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na namna ya kutenda, na mzigo usianguke. Kila lugha ina nguvu yake mahali pake. Lugha haiwi ya elimu kwa ufupi wa maneno, wala kwa ukale, wala kwa sifa inayopewa na wenyewe. Huwa ya elimu kwa kutumiwa katika elimu.

Nasi tumekwisha kuitumia. Tazama neno kipenyo: ni mstari upenyao duara katikati, ukaligawa mara mbili. Tazama sambamba, mistari iendayo pamoja isikutane. Maneno hayo yana maana ndani yake kama wiskunde. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Tangu miaka ya 1960 watoto wengi wa Tanzania wamejifunza hesabu za shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakivuka kizingiti cha sekondari huambiwa waanze upya kwa lugha nyingine. Simkatazi mtu Kiingereza; Stevin mwenyewe hakuchoma vitabu vyake vya Kilatini. Nasema tu kwamba mlango wa pili usijengwe kwa kuziba wa kwanza.

Jumatatu ile nilimwita kijana, nikamwuliza swali lile lile kwa Kiswahili. Akalijibu upesi, kisha akaniuliza, "Ndilo hilo, Mwalimu?" Ndilo lilikuwa hilo. Nikaifuta taarifa yangu, lakini maneno yalikwisha kumfikia, na pengine yeye hakuyafuta. Hakuendelea na masomo baada ya kidato cha nne. Siwezi kusema ni kwa sababu yangu peke yangu. Wala siwezi kusema kuwa sikuchangia. Siku hizi anauza mchele wake mwenyewe, kwa jumla na kwa rejareja, na hunisalimu kwa heshima nisiyoistahili. Nami kila niingiapo darasani huuliza kwanza kwa lugha ya mtoto, ndipo nikampa na jina la kigeni. Ni somo dogo, sehemu moja ya kumi ya yale niliyopaswa kuyajua tangu mwanzo.