Kugawa Diski ya Kompyuta na Daftari la Masomo Mawili

Mfano ni chombo cha mwalimu kama jembe lilivyo chombo cha mkulima. Lakini jembe likishikwa vibaya humkata mwenye kulishika, na mfano ukitolewa bila kufikiriwa humponza mwanafunzi aliyeuamini. Katika makala haya nakusudia kusimulia jinsi mfano wangu mmoja ulivyomponza mwanachuo, na jinsi nilivyolazimika kujifunza upya jambo nililodhani nalifahamu, yaani iwapo yafaa kuigawa diski ya kompyuta katika sehemu mbili au zaidi.

Somo lenyewe lilikuwa fupi. Niliwaeleza wanachuo kwamba diski kuu ni chombo kilichomo ndani ya kompyuta, ambamo huhifadhiwa mfumo endeshi, programu nyingine na kazi zote za mwenye kompyuta. Nikaongeza kwamba diski moja yaweza kugawanywa kwa amri tu, pasipo msumeno wala bisibisi, ikaonekana kana kwamba ni diski mbili, moja ikiitwa C na ya pili D. Mwanachuo mmoja akauliza kwa nini herufi zianzie C. Nikamjibu kuwa herufi A na B zilitengewa disketi, ambazo siku hizi hazitumiki tena, lakini herufi zao zimebaki kama viti vya wazee waliokwisha ondoka barazani. Darasa likacheka, nami nikajiona mwalimu hodari.

Hapo ndipo nilipotoa mfano wangu. "Diski ni kama nyumba," niliwaambia. "Ukijenga kiambaza katikati, unapata sebule na chumba cha kulala. Mfumo endeshi uweke sebuleni, yaani C. Vitu vyako vya thamani viweke chumbani, yaani D. Wageni wakivuruga sebule, chumbani ni salama." Wanachuo waliandika. Kengele ikalia.

Miezi michache baadaye wanachuo wakaenda katika mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao, binti mwenye bidii kuliko wengi, alipangiwa shule ya msingi huku Kimara. Alikuwa na kompyuta mpakato kuukuu aliyoinunua kwa shida, na alikuwa ameigawa diski yake kama nilivyofundisha. Kila jioni, baada ya kuandika maandalio ya masomo na kuingiza alama za wanafunzi, aliyanakili mafaili yote kutoka C kwenda D. Wenzake walimtania kwa uangalifu wake.

Asubuhi moja katika wiki ya sita kompyuta ilikataa kuwaka. Ilitoa mlio mdogo wa kugonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Aliipeleka kwa fundi, na fundi akamwambia kwamba diski imekufa. Nilipofika shuleni kumkagua, alinipokea bila wasiwasi mkubwa. "Shikamoo Mwalimu. Kompyuta yangu imeharibika, lakini nashukuru kila kitu nilikiweka chumbani kama ulivyotufundisha."

Nilishindwa kuitikia upesi. Ilinibidi nimweleze, pale chini ya mwembe, kwamba C na D zilikuwa ndani ya diski ile ile moja, na kwamba diski ikifa, herufi zote hufa pamoja nayo. Alinitazama kama mtu anayengoja sentensi ya pili. Sikuwa nayo.

Maandalio aliyaandika upya kwa mkono. Alama, hata hivyo, hazikuweza kurudishwa, kwa sababu jaribio lilifanywa katika karatasi ambazo watoto walikwisha rudishiwa na wengi wao wakazipoteza. Ikabidi darasa lifanye jaribio jingine. Mtoto mmoja, aliyekuwa amepata alama nzuri ya hesabu kwa mara ya kwanza katika jaribio lililopotea, hakuipata katika jaribio la pili. Hilo ndilo lililomliza mwanachuo wangu, wala si kompyuta.

Nikiwa katika basi la kurudi nyumbani kupitia Barabara ya Morogoro, nilijaribu kujitetea. Sikusema uongo, nilijiambia. Ni kweli kwamba diski iliyogawanywa hufanana na nyumba yenye vyumba. Lakini kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kosa. Nilisema kwamba chumbani ni salama, nisiseme ni salama dhidi ya nini. Mwanafunzi hukamilisha mwenyewe sehemu ya mfano ambayo mwalimu hakuikamilisha. Mimi niliwazia wageni wanaovuruga sebule. Yeye akawazia kila aina ya adui, na moto ukiwamo.

Wiki iliyofuata nilirudi katika shule ile. Nikiwa nimeketi nyuma ya darasa, nilichukua daftari la mtoto aliyekaa mbele yangu ili nilitazame. Lilikuwa daftari moja lenye masomo mawili. Mbele palikuwa na Hisabati, nyuma palikuwa na Kiswahili, na katikati ukurasa mmoja ulikunjwa pembe kuonyesha mpaka. Kila mwalimu wa shule ya msingi amekwisha kuona madaftari ya namna hiyo, kwa maana mzazi asiyeweza kununua madaftari mawili hununua moja na mtoto hulikata kwa mawazo. Nilipoliona nikajua kwamba mfano niliouhitaji ulikuwa mikononi mwa watoto siku zote.

Tangu siku hiyo nalifundisha somo hili kwa kuwagawia wanachuo daftari moja lililotumiwa, na kuwauliza maswali manne.

Swali la kwanza: mtoto akiharibu kurasa zote za Hisabati, mwalimu akamwambia azichane aanze upya, je, Kiswahili kitaguswa? Hakitaguswa. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya kugawa diski. Mfumo endeshi ukivurugika, fundi huufuta na kuuweka mwingine, kazi ambayo huku mitaani huitwa "kupiga Windows". Iwapo kazi zako ziko D, na fundi akaambiwa wazi kwamba afute C peke yake, mafaili yako hubaki. Kwa mwalimu ambaye kompyuta yake hupelekwa kwa fundi mara kwa mara, faida hii si ndogo. Lakini neno "akaambiwa wazi" lina uzito, kwani fundi mwenye haraka aweza kufuta diski nzima, kama vile mtoto aweza kuchana daftari lote.

Swali la pili: Hisabati ikijaa mpaka kwenye ukurasa uliokunjwa, na upande wa Kiswahili bado una kurasa tupu thelathini, mtoto afanyeje? Hapa darasa huanza kubishana, na ndipo linapoiona hasara. Mtu aliyeipa C gigabaiti chache hujikuta anaambiwa kwamba nafasi imekwisha, ilhali D ni tupu. Mfumo endeshi hukua kila unapopata marekebisho mapya. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, huhitaji nafasi isiyopungua gigabaiti 64 hata kabla mwenyewe hajaweka programu zake. Mpaka waweza kusogezwa baadaye, lakini kazi hiyo ina hatari, hasa umeme ukikatika katikati yake. Hivyo asiifanye mtu ambaye hajanakili kazi zake mahali pengine.

Swali la tatu: mtoto akinyeshewa mvua njiani, ni somo gani litakalolowa? Wanachuo hujibu kwa pamoja, tena kwa sauti: yote mawili. Basi, nawaambia, diski ikifa, kompyuta ikiibiwa au ikimwagikiwa chai, C na D hulowa pamoja. Virusi navyo havijali ukurasa uliokunjwa. Hupita kutoka herufi moja hadi nyingine kama maji yanavyopita karatasini.

Swali la nne: ni nini basi kingemwokoa mtoto huyo? Kwa kawaida hunyamaza kidogo, kisha mmoja husema, "Rafiki yake angekuwa amenakili." Hilo ndilo jibu. Nakala ya kweli ni ile iliyo katika daftari jingine, katika mfuko mwingine, katika nyumba nyingine. Kwa mwalimu, hiyo ni flashi au diski ya nje isiyobebwa katika mkoba ule ule wa kompyuta, na nakala ya pili katika hifadhi ya mtandaoni au hata katika barua pepe yake mwenyewe. Wajuzi wa kazi hii hushauri kila kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mbali na nyumbani.

Pengine msomaji atauliza: ikiwa kugawa diski hakulindi dhidi ya mauti ya diski, imani hii ilitoka wapi, hata watu wengi wakaona ni lazima? Jibu limo katika historia. Kompyuta ya IBM PC XT ya mwaka 1983 ilikuja na diski ya megabaiti 10 tu. Diski zilipokua, mfumo endeshi haukukua kwa kasi ile ile. Toleo la 3.3 la DOS, la mwaka 1987, halikuweza kutumia zaidi ya megabaiti 32 katika sehemu moja, kwa hiyo mwenye diski kubwa zaidi alilazimika kuigawa, apende asipende. Baadaye kikomo kikawa gigabaiti 2, hadi mpangilio wa FAT32 ulipoletwa mwaka 1996. Kugawa kulikuwa shurti la mashine, wala hakukuwa hekima ya matunzo.

Nchini kwetu maarifa hayo yalitufikia kwa kuchelewa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini pasipo kibali, na masharti hayo yalilegezwa baadaye. Walimu wengi walionitangulia waliikuta kompyuta wakiwa watu wazima, nao walijifunza kwa mafundi, kwa kuelekezwa na kuiga. Desturi ilirithiwa ikiwa nzima, lakini sababu yake iliachwa njiani. Siwalaumu. Nami niliifundisha vivyo hivyo.

Kwa hiyo, mwalimu mtarajiwa akiniuliza leo kama agawe diski yake, simjibu ndiyo wala hapana kabla ya kumwuliza hali yake. Ikiwa diski ni ndogo, ya gigabaiti 128 au 256, namshauri asiigawe. Atapata vyumba viwili vya kubanana badala ya kimoja cha kutosha, na makabrasha yenye majina mazuri yatamfaa zaidi. Ikiwa ni ya gigabaiti 500 au zaidi, na kompyuta hupelekwa kwa fundi mara nyingi, na aigawe katika sehemu mbili, akiiachia C nafasi ya kutosha, tuseme gigabaiti 150. Zaidi ya mbili sioni haja. Nimewahi kuona kompyuta ya shule iliyogawanywa sehemu tano, moja kwa kila darasa kuanzia la tatu hadi la saba. Sehemu ya darasa la saba ilijaa pomoni, na ya darasa la tatu haikuwa na faili hata moja. Kutenganisha madarasa ni kazi ya makabrasha, na kuwatenganisha watumiaji ni kazi ya akaunti zenye nywila. Asidhani vilevile kwamba kugawa kutaiongezea kasi diski ya kisasa, kwa kuwa nyingi kati ya hizo hazina tena sahani inayozunguka wala kichwa kinachohangaika huku na huku.

Na katika hali zote, agawe asigawe, anakili kazi zake nje ya kompyuta kabla ya kulala.

Ndugu walimu, suala la diski litabadilika. Huenda wanafunzi wenu wakaja kuzicheka herufi C na D kama wanachuo wangu walivyozicheka A na B. Lisilobadilika ni wajibu wetu juu ya mifano tunayoitoa. Unapoandika andalio la somo, usitosheke kuandika mfano utakaoutumia. Andika pia, katika mstari unaofuata, mahali ambapo mfano huo unakoma kuwa kweli, kisha uwaongoze wanafunzi hadi kwenye ukingo huo waone kwa macho yao. Diski ni kama daftari, lakini daftari lililolowa laweza kuanikwa juani; diski iliyokufa haianikwi. Hata hilo sasa nalisema darasani.

Binti yule alihitimu, naye sasa anafundisha. Tulikutana siku moja kituoni Kimara Mwisho, tukiwa katika foleni ya basi. Baada ya kusalimiana alifungua mkoba wake, akanionyesha flashi ndogo iliyofungwa uzi mwekundu. "Hii ni ya kwenda nayo, Mwalimu," alisema. "Nyingine iko kwa mama, Mbezi." Kisha akaniuliza, kwa adabu lakini bila kucheka, kama bado nafundisha mfano wa nyumba.