Usahaulifu wa Mzee Si Hukumu

Mume wangu alilitumikia jeshi kwa miaka 26, na kwa sehemu kubwa ya utumishi huo alikuwa mtunza ghala la silaha. Namba za bunduki alizijua kwa moyo kama mzazi ajuavyo majina ya wanawe. Ndiyo maana mwaka juzi, alipoanza kuuliza jambo moja mara tatu kabla ya adhuhuri, nyumba nzima ilishikwa na hofu.

Daktari alimwuliza tarehe, akampa maneno matatu ayashike moyoni, kisha akamtaka achore uso wa saa. Maneno mawili yalimponyoka. Lakini pensheni yake alikuwa angali akiihesabu mwenyewe, na sokoni alikwenda na kurudi. Hapo ndipo ulipo mpaka. Mwenye upungufu mdogo wa kumbukumbu husahau kupita kiasi cha umri wake, ila shughuli zake huzimudu. Mwenye dimensia hawezi tena kuendesha maisha yake bila msaada.

Je, atauvuka mpaka huo? Katika watu 100 wa namna yake waendao kliniki za kumbukumbu, yapata 10 hadi 15 huuvuka kila mwaka. Wengine hubaki walivyo kwa miaka mingi, na wako wanaorejea katika hali yao ya kwanza. Hatari huzidi kwa mwenye umri mkubwa, na kwa yule ambaye hata akidokezewa neno halimrudii. Mwezi wa Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo chake cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua maradhi ya Alzheimer kwa wenye dalili. Hata hicho hakimtajii mtu siku.

Kwanza hutafutwa yale yanayotibika: upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni nzito, pombe, dawa za usingizi. Kwa mzee wangu ilionekana shinikizo la damu limepanda, na masikio yamefifia kwa milio ya bunduki ya miaka mingi. Yote mawili huongeza hatari ya dimensia, na yote mawili yana tiba au msaada.

Nilimwuliza kama anataka kuambiwa kila kitu. Akanijibu, "Mlinzi huambiwa adui yuko upande gani, hata kama saa ya shambulio haijulikani."

Basi aliwaita watoto, akaonyesha mipaka ya shamba, akaandika wosia, akataja atakayemsaidia kufuata pensheni. Aliyafanya kwa akili zake timamu, na hakuna atakayeweza kumnenea kinyume.

Enyi wake wa askari, mzee akianza kusahau msimcheke, wala msimfiche chumbani kwa kudhani amerogwa. Mpelekeni apimwe, na kila baada ya miezi sita apimwe tena. Muda alio nao ni mali. Autumie mwenyewe kupanga mambo yake.