Kadi ya dada, alama zangu

Siku nyingi sijaandika, kazi zimenibana. Leo naweka programu kando niwaeleze jinsi nilivyonyimwa kadi ya mkopo kule Marekani.

Nilifika Dallas mwaka 2016 kuandika programu. Mshahara mzuri, deni sina hata senti. Nyumbani mtu kama huyo husifiwa. Kule, asiyewahi kukopa ni kama hayupo. Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza rekodi za wakopaji, hazikuwa na lolote kunihusu. Alama za FICO huanzia 300 hadi 850, lakini ili uzipate lazima rekodi yako iwe na angalau akaunti moja ya miezi sita.

Dadangu, aliyetangulia kule miaka mingi, akaniambia, "Usijali, nitakuongeza kwenye kadi yangu." Nikawa mtumiaji aliyeidhinishwa: kadi ina jina langu, lakini wa kulipa deni ni yeye. Alikuwa ameilipa miaka tisa bila kuchelewa. Baada ya wiki chache historia yote hiyo ikaingia kwenye rekodi yangu, nikapata alama 720. Mgeni wa miezi mitatu, historia ya miaka tisa!

Nikaomba kadi yangu mwenyewe. Nikanyimwa. Sheria ya huko inailazimu benki kukueleza sababu ukiiuliza, nami nikaandikiwa kwamba sina akaunti ya jina langu. Kumbe alama ni jumla tu. Benki ilisoma rekodi yenyewe, ikaona miaka yote ni ya mtu mwingine. Jambo hili lina historia: mwaka 2007 FICO ilitangaza kwamba toleo lake jipya halitahesabu akaunti za namna hii, kwa kuwa watu walikuwa wakiuziana nafasi kwenye kadi za wasiowajua. Mwaka 2008 ikabadili msimamo.

Kisha dada akapunguziwa zamu kazini. Kadi yake ikajaa karibu na kikomo. Kiasi unachodaiwa hubeba asilimia 30 hivi ya alama za FICO, kwa hiyo zangu zikaporomoka pia. Rafiki mmoja kazini akanishauri nijitoe haraka. Nikampigia dada simu nimwambie. Alipopokea, swali lake la kwanza: "Umekula?" Nikashindwa kusema. Nikaishia kumtumia pesa apunguze deni.

Nikaenda kuchukua kadi ya amana: unaweka dola 300 benki, na hizo ndizo kikomo chako. Nikawa nanunua petroli tu, nalipa yote kila mwezi. Kulipa kwa wakati hubeba asilimia 35 hivi. Baada ya mwaka mmoja, benki ile ile ikanikubali.

Ukiwa na ndugu anayeenda huko, mwambie aombe kuongezwa kwenye kadi ya mtu anayemwamini, na wiki hiyo hiyo afungue ya amana kwa jina lake.

Jina langu bado liko kwenye kadi ya dada. Haya, tuonane wiki ijayo.