Mafundi Bila Karatasi

Mama yangu alijifunza kuandika jina lake akiwa tayari na watoto wanne. Darasa lilikuwa kwenye ghala la ushirika, jioni baada ya shamba, na mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba. Mchana akikutana na mama njiani alimwamkia shikamoo, jioni akamsahihisha herufi. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kwa miaka kadhaa iliyofuata hakuna mtu mzima kijijini kwetu aliyeweza kukikwepa kisomo bila kuitwa na balozi wa nyumba kumi.

Mambo yale yalifanywa kwa nguvu ambayo sijaiona tena. Vitabu vya kisomo vilitungwa kufuata kazi za watu: kitabu cha pamba, cha tumbaku, cha migomba, cha uvuvi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Takwimu za serikali zilisema wasiojua kusoma walishuka kutoka asilimia 67 hadi 9.6 kufikia mwaka 1986. Hata ukizipunguza kidogo kwa tahadhari, bado ni kazi kubwa.

Ila hakuna aliyemuuliza mama angependa kufanya kazi gani, na naamini swali lenyewe lingemshangaza. Mkulima alifundishwa awe mkulima bora. Aliyelima pamba alifundishwa herufi kwa pamba ili arudi kwenye pamba. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilipoanza mwaka 1975, kwa mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden na kwa msaada wa Wasweden wenyewe, nako uamuzi haukuwa wa mtu binafsi. Mkutano wa kijiji ndio uliosimamisha majina: huyu aende akasomee uashi, yule useremala, halafu warudi watutumikie. Kaka wa jirani yetu alitamani kusomea ufundi wa magari. Kijiji hakikuwa na gari. Akapelekwa kwenye uashi, na mpaka leo ni mwashi mzuri asiyeipenda kazi yake.

Halafu kulikuwa na ushauri wa kazi wa aina nyingine. Mwaka 1983 mjomba wangu alikuwa Dar es Salaam akiuza sigara mojamoja na kubeba mizigo Kariakoo. Ilipokuja operesheni ya Nguvu Kazi, asiye na kitambulisho cha kazi alihesabiwa mzururaji, akapakiwa kwenye lori na kurudishwa kwao au kupelekwa mashambani. Mjomba alishushwa kwenye shamba la mkonge. Alikaa huko mpaka alipopata nauli, akarudi Kariakoo kuendelea na mizigo yake. Kila alipousimulia mkasa ule alicheka, lakini hakuna hata siku moja alipousimulia mbele ya kiongozi.

Mimi nilisomea uashi kwa kupenda. Nikafanya jaribio la ufundi, lile ambalo kila mtu aliliita tredi testi, nikapanda kutoka gredi ya tatu, na baadaye nikaajiriwa kufundisha kwenye chuo kimoja cha wananchi mkoani Morogoro. Hapo ndipo miaka ya tisini ilipotukuta.

Aliyeijua Morogoro ya zamani anajua ninachokisema. Ulikuwa mji wa viwanda: nguo, maturubai, mafuta ya kula, ngozi, vyombo vya udongo. Kulikuwa na kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikitarajiwa kutoa jozi milioni nne kwa mwaka, na kisikaribie hata siku moja. Kilifungwa mwaka 1990. Vingine vilidorora, vikabinafsishwa au kufungwa, na watu waliokuwa wameamka kwa king'ora cha zamu maisha yao yote wakajikuta hawana pa kwenda alfajiri. Tuliwaita waliopunguzwa. Wao wenyewe walipenda kusema "nimestaafishwa".

Ushauri waliopewa uliisha mchana mmoja. Maofisa walikuja, wakawakusanya uwanjani, wakawaambia jiajirini, wakaondoka. Kilichobaki ni kiinua mgongo, na kiinua mgongo kina washauri wengi: shemeji, mchungaji, jirani mwenye kiwanja cha kuuza, kijana anayejua mtu bandarini. Ungetaka kujua watu wa mji wetu walishauriwa nini miaka ile, ungetazama barabarani. Hiace kuukuu zilijaa, kila moja na jina la mtoto wa mstaafu kioo cha mbele, na baada ya muda zikaanza kuonekana nyuma ya nyumba zikiwa juu ya matofali, kuku wanalala ndani.

Mmoja wa wenye Hiace hizo alikuja chuoni kwetu asubuhi ya siku ya usajili. Alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo, mzee wa makamo, shati limepigwa pasi, bahasha ya kaki kwapani. Akauliza, "Mwalimu, mna kozi gani?" Karani akamsomea: uashi, useremala, ushonaji, kilimo na mifugo. Akasikiliza hadi mwisho, akaomba asomewe tena. Fomu ya chuo ilikuwa na nafasi ya jina, kijiji, dini, elimu na kozi unayoitaka. Haikuwa na mahali pa kuandika mtu ametoka wapi na mikono yake inajua nini.

Akakaa kwenye benchi kufikiri. Darasa la ushonaji lilikuwa mlango wa pili, na kati ya cherehani zilizokuwa zikilia mle ndani moja ilikuwa ikigonga vibaya. Wanafunzi walikuwa wameizoea. Walikuwa wakiisukuma hivyohivyo. Yule mzee alivumilia kidogo, kisha akainuka, akapiga hodi, akamwomba mwalimu ruhusa. Akaifungua bamba la chini, akachomoa kijumba cha bobini, akakifuta kwa ncha ya shati lake lililopigwa pasi, akatoa mpira wa nyuzi na vumbi uliokuwa umejisokota nyuma yake, akarekebisha mkazo wa uzi kwa kucha kwa sababu bisibisi ndogo haikuwepo. Akazungusha gurudumu kwa mkono, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Ule mlio wake wa kugonga ukanyamaza. Akauliza kama kuna nyingine mbovu. Zilikuwepo, zimerundikwa stoo, zimeandikwa kwenye daftari la mali kuwa hazifai.

Hakujisajili kozi yoyote. Mkuu wa chuo alimpa kazi ya stoo ile kwa malipo ya mkono, na baada ya hapo akafungua kibanda karibu na soko, akitengeneza cherehani za mji mzima. Watu hupenda kuisimulia habari hii kama bahati njema. Mimi hukumbuka wenzake waliokuja siku zilezile, wakaketi kwenye benchi lilelile siku ambayo hakuna cherehani iliyogonga, wakachukua fomu, wakaondoka nazo.

Wakati huohuo sheria ilikuwa inabadilika. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ikapewa chanzo chake cha fedha, tozo ya kuendeleza ujuzi inayokatwa kwa mwajiri kutokana na mishahara anayolipa. Waajiri wameilalamikia tangu wakati huo, na katika miaka ya karibuni ilipunguzwa kidogokidogo hadi kufikia asilimia 3.5 mwaka 2023. Vyuo vikajengwa, mitaala ikabadilishwa ili mtu apimwe kwa anachoweza kukifanya, majina ya madaraja yakabadilika. Vizuri vyote. Lakini aliyewaziwa kwenye dawati alikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Mtu mzima aliachiwa kozi fupi za jioni: udereva, kompyuta, mapishi. Baba mwenye familia hawezi kuacha kibarua miaka miwili akakae na watoto wa rika la wanawe kujifunza kushika mwiko alioushika kabla hawajazaliwa.

Mwaka 2008 ikaundwa TaESA, wakala wa huduma za ajira, na kwa mara ya kwanza nikasikia ofisi ya serikali ikisema wazi kwamba kazi yake ni kumshauri mtafuta kazi. Niliwapeleka wapwa zangu wawili. Walifundishwa kuandika wasifu na kujibu usaili, na mmoja ilimsaidia kweli. Fundi wa mtaani hana cha kuandika kwenye wasifu, wala kazi zake hazina usaili. Mwajiri wake humwona juu ya jukwaa, akasimama, akamuuliza bei.

Kilichokuja kubadilisha mambo kwa watu wangu kilianza kimyakimya, karibu mwaka 2010, VETA ilipojaribu kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Kiserikali huitwa urasimishaji wa ujuzi, na miaka michache baadaye ofisi ya Waziri Mkuu iliubeba kwa fedha zake, ukaenea mikoani. Mimi niliingizwa kama mtathmini wa uashi.

Mtu wa kwanza kwenye orodha yangu alikuwa fundi aliyewafundisha nusu ya waashi wa mji ule. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha ikanibidi nifungue fomu na kumuuliza mwiko ni wa kazi gani. Alinitazama kwa muda. "Mwanangu, hilo jiulize mwenyewe, halafu mimi nikujibu la pili." Nikaruka hadi kwenye vitendo. Nikamwomba apange kona ya msingi. Akapigilia vigingi, akavuta kamba, akapima sentimita sitini upande huu, themanini upande ule, akaunganisha ncha na kukuta mia moja kamili. Nikamuuliza kanuni hiyo anaiitaje. "Sitini themanini mia," akasema, akashangaa ingeitwaje vinginevyo.

Timazi, pimamaji, mpangilio wa tofali: hakuna nilichoweza kumwongezea. Kwenye zege nikamkuta. Alichanganya kwa ndoo bila kukosea uwiano, ila kumwagilia maji kwa siku saba baada ya kumimina hakukuona umuhimu wake. Kwake siku mbili zilitosha. Kwenye makadirio pia. Alikuwa akitaja bei ya jumla kwa kuitazama ramani ya ardhini, na ramani ya karatasi alikuwa akisomewa na mwanawe. Mafunzo ya kujaza mapengo yalikuwa kwa ajili ya hayo tu: kumwagilia, usalama, makadirio, kusoma mchoro, kuongea na mteja. Siku chache, kisha anarudi kazini. Hakuna aliyemwambia aanze upya.

Nilimuuliza, nje ya fomu, kwa nini alijiandikisha kwa umri ule. Akanieleza kwamba siku hizi madarasa na zahanati hujengwa kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa palepale, wanauita fosi akaunti, na kamati ya ujenzi ya shule jirani ilimpa kazi kijana aliyekuwa saidia fundi wake, kwa sababu kijana alikuwa na cheti. "Nilimfundisha mimi," akasema. "Na ukuta wenyewe aliniita niende nikamwangalizie."

Vyuo vya wananchi navyo vilihamishiwa wizara ya elimu mwaka 2016, na nikipita kwenye kile changu cha zamani nakuta akina mama vijana walioacha shule kwa ujauzito, watoto wao wakilelewa hapohapo chuoni wakati wao wakiwa karakana. Fomu ya kujiunga imekuwa ndefu. Kuna ukurasa mzima wa maswali: umewahi kufanya kazi gani, ulijifunza kwa nani, unataka kufika wapi. Karani wa sasa ni binti mdogo na hulalamika kwamba huwachukua watu muda mrefu mno kuujaza.

Yule mzee wa uashi alipata cheti chake. Alikitia fremu, akakipeleka kwa kamati ya ujenzi, wakamsajili. Wiki ileile akapandisha bei ya kozi ya tofali kwa wateja wake wote, wa zamani na wapya. Nilikuwa nimepatana naye uzio wa nyumbani kwangu kwa bei ya zamani. Nilipomkumbusha, akaniambia kwamba ile ilikuwa bei ya fundi wa mtaani, na aliyempandisha daraja ni mimi. Nikamlipa.