Mikono ya Baba Ilipotetemeka

Baba yangu ni fundi cherehani mjini Jinja. Mwaka 2016 kazi ilianza kumshinda: mkono wa kulia ulitetemeka hata alipoupumzisha gotini, na hatua zake zikawa fupi fupi. Majirani walinong'ona kwamba amerogwa. Mimi niliyesomea ualimu, na sasa ni mtumishi wa serikali, nilifanya vibaya kuliko wao: nilimdhania anakunywa pombe kwa siri, nikamsema mbele ya wajukuu zake. Alinitazama, asijibu.

Daktari ndiye aliyenifumbua macho. Ugonjwa huo huitwa Parkinson, kwa jina la tabibu Mwingereza James Parkinson aliyeueleza mwaka 1817. Kati ya chembe moja ya ubongo na nyingine mna mwanya mdogo mno. Chembe ikitaka kuiarifu jirani yake, humwaga kemikali mwanyani, nayo hupokewa ng'ambo ya pili kama tarishi aliyeleta barua. Tarishi mmojawapo ni dopamini, ambaye husaidia kuongoza mwendo wa viungo. Katika ubongo wa baba, chembe zinazomtengeneza tarishi huyo zilikuwa zikifa.

Kumeza dopamini yenyewe hakufai, kwani haiwezi kutoka katika damu ikaingia ubongoni. Kwa hiyo baba alipewa levodopa, ambayo hupenya, kisha hugeuzwa kuwa dopamini humo humo. Dawa hiyo haiponyi, lakini baba alianza tena kufunga vifungo vyake mwenyewe.

Hapo nikakosea mara ya pili. Kwa mapenzi, nilimpa kidonge pamoja na sahani ya maharage na nyama, akashinda amekakamaa. Kumbe protini hushindana na levodopa kupenya utumboni na ubongoni! Sasa humeza nusu saa kabla ya chakula, kama tulivyoagizwa. Kadhalika, baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, kama metoklopramidi, huziba milango ya kumpokelea tarishi. Basi kila tuendapo zahanati hutaja kwanza ugonjwa wake. Wala hatuachi vidonge ghafla, maana ni hatari.

Ndugu msomaji, ukimwona mzee anatetemeka, usimhukumu. Mpeleke kwa daktari. Mimi nilimwomba baba radhi mbele ya wajukuu wale wale. Akacheka, akanipa sindano nimtungie uzi.