Kuhusu Lile Gari Lako Lisilo na Paa

Mwanangu,

Huku sote wazima. Magoti ya mama yako ni yale yale, na dada yako keshaposwa. Mengine atakwambia mwenyewe.

Nimesikia kwa binamu yako wa Leicester kwamba ulitoka Birmingham usiku, mvua inapiga, ukaenda hadi Wales na lile gari ulilolijenga mwenyewe, bila kufunga turubai. Ati ukamwambia kwamba ukikimbia, mvua hupita juu ya kioo wala huloi. Ni kweli, ila ni kweli mpaka foleni ya kwanza, na kwa kukwepa kulowa dereva huongeza mwendo pale pale panapotaka kupunguzwa. Maneno yako hayo yameninyima usingizi.

Mtindo wa gari hilo naujua. Colin Chapman alitoa Lotus Seven mwaka 1957, akaipunguzia kila uzito alioweza. Wepesi huo ndio utamu wake, na ndio unaofanya tairi pana zishindwe kuyakata maji zikaelea juu yake.

Nilipokuwa fundi kijana hapa Mombasa, Safari Rally ilikuwa ya Pasaka, masika yamechacha. Mwaka 1963, na tena 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Kila kijana mwenye gari alitaka aonekane dereva wa matope. Mteja wetu mmoja alikuwa na kigari cha wazi, kinasukumwa na magurudumu ya nyuma kama lako. Siku moja tunatoka Voi, yeye mbele, mimi nyuma na pikapu ya gereji. Kiangazi kilikuwa kirefu, yakaanza manyunyu. Hayo manyunyu ya kwanza ndiyo mabaya: huchanganya vumbi na oili iliyolala barabarani, na mvua ya kuviosha bado haijaja. Karibu na Mariakani akaingia kona kwa kasi, akashtuka, akaachia mafuta ghafla. Breki hakugusa, taa zake za nyuma nilikuwa nazitazama. Ukiachia mafuta hivyo katikati ya kona, uzito hukimbilia mbele, magurudumu ya nyuma yakabaki mepesi, na penye maji hayana cha kushika. Mkia ukamzunguka, akatoka barabarani kinyumenyume, gari likapinduka. Nilimtoa mimi. Aliishi, lakini shingo haikugeuka tena. Ukimwita kutoka ubavuni, hugeuza mwili mzima.

Basi punguza mwendo kabla ya kona, gari bado limenyooka. Teremsha gia mapema, achia klachi taratibu, kisha mguu wa mafuta utulie.

Haya ningekufundisha kwa mkono. Ulipomaliza kidato cha nne nilimwomba baba yako, Mungu amrehemu, uje gereji mwaka mmoja tu. Akasema mwanawe hatanuka oili. Leo umefunga injini kwa mikono yako, wala hukunipigia simu kuniuliza hata bolti moja. Imeniuma. Na picha ya gari lako nimewaonyesha mafundi wote wa mtaa.

Usikae nyuma ya lori penye mvua: umekaa usawa wa magurudumu yake, maji yote ni yako, na dereva hakuoni. Huko wanafundisha kuacha sekunde 2 kwa gari la mbele barabara ikiwa kavu. Penye maji ziwe 4 au zaidi. Futa soli za viatu kabla ya kukanyaga pedali. Ukipita dimbwi, gusa breki kidogo kidogo zikauke.

Nakuuliza kuhusu safari ile ya Wales: ulifunga tairi gani? Pichani naona zile za mashindano, zenye makato machache. Sheria ya Uingereza inakubali kina cha milimita 1.6, wewe ukifika 3 badilisha, na hizo za mashindano ziweke kwa siku kavu. Ukishapima, niandikie kina cha kila tairi, zote nne, kabla hujalitoa tena kwenye mvua.

Ami yako,
Mombasa