Mtoto wa Anayejitolea Naye Ana Haki Yake

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Sisi tunaotumikia misikiti hatulipwi mshahara, wala hatuutarajii. Tunatandika mabusati, tunapima mchele wa fitri, tunachimba makaburi, na magomvi ya ndoa yakiletwa ofisini tunakaa kuyasikiliza hadi usiku. Waumini hutuombea dua, nasi hufarijika. Lakini yuko mmoja ambaye huduma hii humgusa kila siku bila ya kuulizwa, naye ni mtoto wa anayejitolea. Yeye ndiye anayebakishiwa baba aliyechoka na mama asiyekuwa na hamu ya maneno.

Mafunzo ya dini yetu hayakutenganisha mambo haya mawili. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika huduma ya ahli zake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Naye Abu Qatada (r.a.) amepokea kwamba Mtume alisalisha watu akiwa amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba tena. Aliyekuwa na umma mzima nyuma yake hakuona kuwa mtoto begani anampunguzia ibada.

Kwa mazingatio hayo, Ramadhani iliyopita kamati yetu iliafikiana kwamba kila anayekuja kupima fitri aje na mwanawe mwenye umri wa miaka 10 au zaidi. Fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, takriban kilo 2.5 za mchele, na haina budi kuwafikia wanaostahiki kabla ya Sala ya Idi. Muda ni mfinyu, na wazee walihofia mchele kumwagika. Ulimwagika kweli, lakini tuliyoyaona yalizidi thamani ya mchele ule.

Kijana mmoja, akimsomea baba yake orodha ya majina, alikuta nyumba ya mwenzake wa darasani. Akanyamaza. Baba akamwambia kwa sauti ya chini kwamba jambo hilo ni amana baina yao wawili na Mola wao. Baba huyo alituambia baadaye kuwa hajawahi kumkabidhi mwanawe siri yoyote kabla ya usiku ule, na kwamba kijana ameilinda hadi leo.

Mwenzetu mwingine alifokewa na bibi mmoja mbele ya watu kwa kuwa mfuko wake ulichelewa. Alimtaka radhi, akambebea mfuko hadi mlangoni. Walipokuwa wakirejea, mwanawe akamwambia: "Baba, bibi amekufokea ukanyamaza. Mimi nikimwaga chai tu, mtaa mzima unakusikia." Alitusimulia hayo baada ya Idi, wala hakuwa akicheka. Tangu siku hiyo, asema, kila sauti inapompanda nyumbani humkumbuka bibi yule. Hivyo ndivyo kujitolea kunavyomlea mzazi: humzoesha upole kwa watu wa mbali, na mtoto aliyeshuhudia akaudai upole huo huo kwa watu wa karibu.

Kwa akina mama hali si tofauti. Mmoja wa waosha maiti wa kike mtaani kwetu humchukua bintiye kumsaidia kukata sanda, vipande vitano vya mwanamke. Zamani mama akirudi msibani binti alijitenga naye, akiogopa harufu ya kafuri. Sasa humchemshia maji ya kuoga, kisha wakakaa jikoni wakizungumza habari za mauti, za shule, na mengine ambayo binti wa miaka 15 hamwambii kila mtu.

Hata hivyo, si kila kazi inamfaa mtoto, na si kila mtoto ana umri wa kuja. Kwa ajili hiyo tumeweka taratibu mbili. Mkutano unaoanza baada ya Magharibi hufungwa inapoadhiniwa Isha, hata kama ajenda zimebaki. Na mwenye mtoto mdogo hapangiwi zamu ya siku mbili mfululizo. Wapo waliosema tumeilegeza kazi ya Allah. Tunawakumbusha kwa heshima kwamba Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga, na akawataja watu wa nyumbani. Zamu ya msikitini akikosa huyu atapatikana mwingine. Nafasi ya baba kwa mwanawe haina wa zamu.

Tunawaomba waumini nao watusaidie: linaloweza kungoja hadi Alfajiri lisigongewe mlango saa tano za usiku.

Allah azitakabalie amali zetu, na awajaalie watoto wetu wawe mashahidi wa kheri juu yetu siku ya hesabu. Amin.